Jinsi ya Kupunguza Matumizi Madogo ya Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Wasomaji wengi wamekuwa wakieleza jambo moja: wanaamua kubana matumizi, wanabana kwelikweli kwa wiki mbili, kisha mwezi unakwisha na mkoba uko vilevile. Wengine hurudia jaribio hilo kila mwanzo wa mwaka na kila mara huishia palepale.

Sababu huwa mbili. Ya kwanza ni kuanza kukata kabla ya kujua fedha inapotelea wapi. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba kiasi kilichookolewa huachwa katika mkoba uleule wa matumizi, na fedha inayobaki humo haikosi kazi ya kufanya. Mwongozo huu umepangwa ili kuondoa sababu zote mbili, kwa hiyo fuata hatua kwa mpangilio wake, hata pale ambapo hatua ya mbele itakuvutia kuliko uliyonayo.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya siku ya kwanza:

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, pamoja na kalamu. Simu inafaa pia, mradi uandike mahali pamoja tu.
- Bahasha au mkebe wa kuwekea risiti.
- Kikokotoo, kile cha simu kinatosha.
- Mizani ya jikoni, au kikombe chenye alama za vipimo.
- Ndoo ambayo ujazo wake unaujua, na saa.
- Rangi ya chakula, matone machache tu, kwa ajili ya kipimo cha choo.
- Njia ya kuzifikia mita za umeme na maji, kama nyumba yako inazo.
- Akaunti au mahali pa kuweka fedha palipo tofauti kabisa na pale unapochukulia fedha za matumizi.
- Saa moja ya kukaa na watu wote wazima wa nyumba, na watoto wanaotumwa dukani.

Hitaji hilo la mwisho ndilo linalorukwa mara nyingi. Nyumba ambayo mtu mmoja anaokoa na wengine hawana habari haiwezi kufika mbali, kwa sababu taa, maji, jiko na simu hutumiwa na kila mtu.

## Hatua ya 1: Andika kila kinachotoka kwa wiki nne, bila kukata chochote

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa usemi huo ni maelekezo kamili ya kazi. Kwa wiki nne, kila fedha inayotoka iandikwe papo hapo, kabla hujaondoka mahali ulipolipia. Ukisubiri jioni utakumbuka manunuzi makubwa na kusahau madogo, ilhali madogo ndiyo tunayoyatafuta.

Gawa ukurasa katika safu nne: tarehe, kitu, kiasi, na sababu ya kununua. Safu ya nne iandikwe kwa maneno machache na ya kweli: "kilikwisha", "sikujua kipo kabatini", "nilikuwa na njaa", "mtoto aliomba", "kile cha kwanza kiliharibika". Baada ya wiki chache safu hii itakufundisha zaidi kuliko safu ya kiasi, kwa kuwa sababu moja ikijitokeza mara nyingi hukuonyesha tabia ya kurekebisha, wakati bei hukuonyesha tukio tu.

Usikate chochote katika wiki hizi. Ukianza kubana mapema, daftari litaonyesha maisha ya mtu anayejichunga, na hutapata picha ya nyumba ilivyo siku za kawaida. Wiki moja haitoshi pia, kwa sababu bili nyingi na manunuzi ya akiba huja mara moja kwa mwezi.

Kila mwisho wa wiki fanya hesabu hii: chukua fedha uliyoanza nayo, ongeza iliyoingia, toa yote uliyoandika, kisha linganisha jibu na fedha iliyopo mkononi na kwenye akaunti. Tofauti inayobaki iandike kwa jina la "isiyojulikana". Wiki ya kwanza tofauti hiyo inaweza kukushtua. Usijaribu kuifunika kwa kubuni manunuzi.

Onyo: daftari lisitumike kushtakiana. Mwenzi au kijana wa nyumbani akiulizwa kwa ukali kuhusu kila senti ataacha kuandika, na kuanzia hapo takwimu zako hazitakuwa na maana.

Utajua hatua hii imefanikiwa pale "isiyojulikana" ya wiki ya nne itakapokuwa ndogo sana ikilinganishwa na jumla ya matumizi ya wiki hiyo.

## Hatua ya 2: Panga matumizi katika mafungu manne na uchague mianya mitatu

Pitia kurasa zote na uweke alama kando ya kila mstari:

1. Lazima isiyobadilika: kodi ya nyumba, ada za shule, marejesho ya mkopo.
2. Lazima inayobadilika: chakula, umeme, maji, nishati ya kupikia, usafiri, sabuni.
3. Hiari: vitu vinavyoleta raha au urahisi, lakini nyumba huendelea bila hivyo.
4. Upotevu: fedha iliyotoka bila mtu yeyote kufaidika. Hapa huingia chakula kilichotupwa, faini ya kuchelewa kulipa, ada ya huduma isiyotumika, na kitu kilichonunuliwa mara mbili kwa kusahau.

Watu wengi hukimbilia fungu la tatu kwanza, wakikata kinywaji cha jioni au matembezi ya familia. Nakushauri uanze na fungu la nne, kisha la pili, na fungu la tatu uliguse mwishoni kabisa. Upotevu ukikoma hakuna anayeumia, na mpango ambao haumuumizi mtu hudumu. Mpango unaoanza kwa kuondoa kila kinachofurahisha nyumba nzima huvunjwa na nyumba nzima.

Sasa vipime vitu vidogo kwa mwaka mzima: cha kila siku kizidishe kwa 365, cha kila wiki kwa 52, na cha kila mwezi kwa 12. Kisha chagua mianya mitatu yenye jumla kubwa zaidi katika fungu la nne na la pili. Mitatu tu. Anayejaribu kubadili mambo kumi kwa wakati mmoja hushindwa kuyafuatilia, na likishindikana moja huyaacha yote.

Onyo: kuna mambo ambayo hayapaswi kuingia katika orodha ya kukatwa hata kama jumla yake ni kubwa. Dawa alizoandikiwa mgonjwa, maji salama ya kunywa, lishe ya mtoto mdogo na ya mama mjamzito, na ukarabati wa nyaya za umeme au mtungi wa gesi unaovuja ni katika hayo.

Hatua ya 3 hadi ya 7 zinahusu mianya inayopatikana katika nyumba nyingi. Soma zote, kisha anza na zile zinazogusa mianya mitatu uliyochagua.

## Hatua ya 3: Nunua kwa kulinganisha bei ya kipimo

Bei iliyobandikwa kwenye pakiti haikuelezi kama kitu ni rahisi au ghali mpaka uigawanye kwa uzito au ujazo wake. Chukua mfano wa namba tupu: pakiti ya gramu 400 inauzwa kwa 90, na pakiti ya gramu 1,000 inauzwa kwa 210. Ya kwanza inatoa 22.5 kwa kila gramu 100, na ya pili inatoa 21. Kubwa ndiyo rahisi.

Usiishie hapo. Iwapo gramu 100 za ile pakiti kubwa zitaharibika kabla hazijaliwa, utakuwa umelipa 210 kwa gramu 900, yaani zaidi ya 23 kwa kila gramu 100, na sasa ile ndogo ndiyo iliyokuwa rahisi. Ndiyo maana ununuzi wa jumla unafaa kwa vitu visivyoharibika haraka na ambavyo nyumba yako huvimaliza, kama sabuni, chumvi na nafaka kavu zilizohifadhiwa vizuri, na kwa kawaida haufai kwa mboga za majani.

Tazama pia uzito halisi ulioandikwa kwenye kifungashio kila unaponunua. Watengenezaji wanaweza kupunguza gramu huku wakiacha bei na sura ya pakiti bila mabadiliko, na mnunuzi anayetazama bei peke yake hawezi kugundua.

Kabla ya kwenda kununua, fuata utaratibu huu:

1. Fungua kabati, friji na mkebe wa sabuni, na uandike vilivyopo.
2. Panga milo ya siku saba zijazo ukianza na vilivyopo, hasa vinavyokaribia kuharibika.
3. Andika orodha ya vinavyokosekana tu, pamoja na kiasi cha kila kimoja. "Mafuta" ni maneno yasiyotosha. "Mafuta lita 1" ndiyo orodha.
4. Kula kwanza. Mwenye njaa hununua zaidi ya orodha yake.
5. Kitu kisichokuwa kwenye orodha, kama si cha dharura, kiandike kwenye orodha ya wiki ijayo. Kikibaki kinahitajika baada ya siku saba, kinunue kwa moyo mweupe.

Kuhusu punguzo, jiulize swali moja: ningenunua kitu hiki wiki hii kwa bei yake kamili? Kama jibu ni hapana, kukinunua kwa nusu bei ni kutumia nusu bei ambayo hukukusudia kuitumia.

Mwezi ukifikia kikomo linganisha daftari na orodha zako. Pale ambapo manunuzi yaliyo nje ya orodha yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, hatua hii umeimudu.

## Hatua ya 4: Zuia chakula kisitupwe, na nishati ya jikoni isipotee

### Chakula

Bandika karatasi karibu na pipa la taka la jikoni. Kila kinachotupwa kiandikwe: kitu gani, kiasi gani, kwa nini. Baada ya wiki mbili utaona mfano unaojirudia, na mara nyingi ni mmoja kati ya hii mitatu: kupika kingi, kununua kingi kinachoharibika, au kusahau kilichowekwa nyuma ya friji.

Kwa kupika kingi, dawa ni kupima. Tumia kikombe kilekile kila siku, andika vikombe vingapi vya nafaka hutosha nyumba yako bila kubaki, na ubandike namba hiyo ndani ya mlango wa kabati ili apikaye awe yeyote asikisie. Kwa kusahau, kila kipya kiwekwe nyuma na cha zamani kisogezwe mbele.

Kiporo kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kupikwa. Chakula kingi kigawe katika vyombo vidogo visivyo na kina ili kipoe haraka, kiliwe ndani ya siku tatu au nne, na kipashwe moto mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Friji iwe na nyuzijoto 4 au chini kidogo, na sehemu ya kugandishia iwe hasi 18.

Kwenye vifungashio, maneno yanayosema bidhaa "ni bora kabla ya" tarehe fulani huzungumzia ubora wake, hivyo bidhaa kavu iliyofungwa vizuri mara nyingi bado inafaa baada ya hapo. Maneno "itumike kabla ya" huzungumzia usalama, na hayo yafuatwe bila mjadala.

Onyo: chakula kilichokaa nje usiku kucha katika joto kisiokolewe kwa kuchemshwa upya. Baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria hazivunjwi na moto wa kupikia, na gharama ya tiba itameza akiba ya miezi.

### Nishati ya kupikia

Maji yakishaanza kuchemka, kuongeza moto hakuyafanyi yawe na joto zaidi. Kunayafanya yakauke haraka tu. Kwa hiyo moto mkali utumike mpaka sufuria ichemke, kisha ushushwe hadi kiwango kinachotosha kuendeleza uchemkaji mdogo. Funika sufuria, weka maji yanayohitajika tu, na moto wa gesi usipite nje ya kitako cha sufuria, kwa kuwa ule unaopanda pembeni unapasha hewa. Jiko la umeme la sahani lizimwe dakika chache kabla ya chakula kuiva; sahani hubaki na joto la kumalizia.

Mwali wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haiungui sawasawa, na mara nyingi matundu ya jiko yameziba. Zima, acha lipoe, safisha.

Maharage makavu yalowekwe usiku kucha ili yaive kwa muda mfupi. Hata hivyo maharage mekundu yana kemikali ya asili yenye sumu ambayo moto mdogo peke yake hauiondoi: mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, na yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10, au 30 ukitaka uhakika zaidi, kabla ya kushusha moto.

Onyo: anayepikia mkaa asiingize jiko kwenye chumba kilichofungwa kwa nia ya kutumia joto lililobaki. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

## Hatua ya 5: Pima umeme kabla ya kuanza kuzima vitu

Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja. Ili kujua kifaa kinakula kiasi gani, chukua wati zilizoandikwa juu yake, zidisha kwa saa kinazotumika, kisha gawanya kwa 1,000.

Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 9 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 9, ambayo hutoa mwanga unaokaribiana na wa balbu hiyo, hula uniti 1.35 kwa muda uleule. Anza na taa zinazowaka muda mrefu zaidi. Ya stoo inaweza kusubiri.

Zaidi ya taa, kumbuka kanuni hii: vifaa vinavyopasha joto na vinavyopoza ndivyo vinavyobeba bili. Hita ya maji, pasi, jiko la umeme, birika, kiyoyozi na friji vipewe macho ya kwanza. Kuna nyumba ambazo hugombana kuhusu chaja ya simu iliyoachwa ukutani, ilhali chaja isiyounganishwa na simu hata ingevuta nusu wati mchana na usiku ingekula uniti 0.36 tu kwa mwezi mzima.

Linganisha hiyo na birika. Kuchemsha lita moja ya maji huhitaji karibu uniti 0.1. Mtu anayejaza lita moja na nusu ili apate vikombe viwili vya robo lita anapasha lita nzima isiyonywewa. Akifanya hivyo mara tatu kwa siku, hiyo ni karibu uniti 9 kwa mwezi, sawasawa na ile balbu ya kizamani.

Fanya kipimo hiki cha usiku. Kabla ya kulala, zima kila ambacho kwa kawaida huzimwa, andika namba ya mita, na uisome tena asubuhi kabla mtu hajawasha kitu. Tofauti ndiyo inayoliwa na friji pamoja na vifaa vilivyobaki katika hali ya kusubiri. Usiku wa pili chomoa televisheni, king'amuzi na spika, kisha linganisha. Namba hizo mbili zitakuambia kama kuchomoa kunastahili usumbufu nyumbani kwako, na hutalazimika kumwamini mtu mwingine.

Friji peke yake ina kazi nne: iachiwe nafasi nyuma yake ili joto litoke, isipakane na jiko, barafu ya sehemu ya kugandishia iyeyushwe ikifikia unene wa nusu sentimita, na mpira wa mlango upimwe kwa karatasi. Funga mlango ukiwa umebana karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila ukinzani, hapo baridi inavuja. Safisha mpira kwa maji ya sabuni, na ukiwa umepasuka ubadilishwe.

Nguo zipigwe pasi nyingi kwa pamoja, kwani sehemu ya umeme huliwa na kule kuipasha pasi kila inapowashwa upya.

Onyo: usifungue kifaa wala usiguse nyaya kwa lengo la kuokoa fedha ya fundi, na soketi inayopata moto iache kutumika mara moja.

## Hatua ya 6: Tafuta maji yanayopotea

Funga koki zote, andika namba ya mita ya maji, kaa saa mbili bila mtu kutumia maji, kisha isome tena. Namba ikisogea, kuna mvujo.

Koki inayodondoka iwekee kikombe cha vipimo kwa saa moja. Ukikuta mililita 250, hizo ni lita 6 kwa siku na lita 180 kwa mwezi, na tatizo mara nyingi ni kipete cha mpira (washa) kilichochakaa ndani ya koki, ambacho bei yake ni ndogo. Funga valvu kuu kabla ya kuifungua koki.

Kwa choo, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji, na usubiri dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanapita usiku na mchana bila sauti.

Bomba la kuogea lipime kwa ndoo. Likijaza lita 10 kwa dakika moja, anayeoga dakika 8 bila kulifunga hutumia lita 80. Akilifunga wakati wa kujipaka sabuni na kubakiza dakika 4 za maji, hutumia 40. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yanafaa kwa kudeki na kusafishia choo, lakini yafunikwe, kwa sababu mbu huzaliana katika maji yaliyosimama.

Sabuni ya unga ipimwe kwa kijiko. Ikizidi hubaki kwenye nguo na kukulazimisha kusuuza mara nyingi zaidi, hivyo unalipa mara mbili.

## Hatua ya 7: Futa malipo yanayojirudia kimyakimya

Fungua taarifa za miezi mitatu ya akaunti ya benki na ya simu, na uzungushie kalamu kila makato yanayorudi. Kwa kila mojawapo jibu: nani hapa nyumbani alitumia huduma hii mwezi uliopita? Pasipo jina la mtu, ifute siku hiyohiyo, na uhifadhi ujumbe unaothibitisha kuwa imefutwa.

Kwenye simu, zima uchezaji wa video unaojianzisha wenyewe, punguza ubora wa picha za video, na zuia programu zisijisasishe kwa kutumia kifurushi. Ada za kutoa fedha zipunguzwe kwa kutoa mara chache zaidi, ila angalia kwanza jedwali la makato, kwa sababu viwango hupanda kwa ngazi na kiasi kinachozidi kidogo ngazi moja hutozwa ya juu yake.

Bili zenye faini ziwekewe kikumbusho siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Kitu kinachouzwa kwa awamu kijumlishe malipo yake yote na uyalinganishe na bei ya taslimu kabla ya kukubali.

## Hatua ya 8: Hamisha ulichookoa siku ileile

Hapa ndipo jitihada nyingi hufia. Bili ya umeme ikishuka kutoka 100 hadi 82, zile 18 hazijawa akiba. Ni fedha ya matumizi ambayo bado haijapata mtumiaji. Siku unayolipa 82, zihamishe 18 kwenda ile akaunti ya pembeni, kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Fanya vivyo hivyo kwa huduma uliyoifuta: kila mwezi kiasi kilekile kilichokuwa kikikatwa kihamishwe tarehe ileile.

Fedha hiyo ipangiwe kazi kwa mpangilio huu. Kwanza, weka kiasi kidogo cha dharura kinachoweza kulipia tatizo la kawaida, kama fundi au safari ya hospitali, bila kukopa. Pili, lipa deni lenye riba kubwa kuliko yote, kwa sababu riba unayoacha kulipa ni akiba ya hakika. Tatu, kuza fungu la dharura mpaka litoshe matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, kisha zaidi.

Sambamba na hayo, orodhesha gharama zinazokuja mara chache kwa mwaka: sare na vitabu vya shule, bima, matengenezo, sikukuu. Jumlisha, gawanya kwa 12, na utenge sehemu hiyo kila mwezi. Gharama hizi huitwa za ghafla katika nyumba nyingi, ingawa tarehe zake zinajulikana mwaka mzima kabla.

Onyo: usifungie fedha yote ya dharura katika akaunti yenye masharti ya muda, kwani tatizo la kwanza litakurudisha kwenye mkopo. Umefanikiwa pale salio la akaunti ya pembeni linapokuwa limeongezeka kwa angalau kiasi ulichohesabu kwenye daftari. Salio likiwa pungufu, sehemu ya akiba hiyo imetumika tena.

## Hatua ya 9: Kikao cha nusu saa kila mwezi

Kaeni wote. Zisomwe namba tatu tu: matumizi ya mianya mitatu mwezi huu, matumizi yake mwezi wa kwanza wa daftari, na salio la akaunti ya pembeni. Mianya mitatu ikishikilia kwa miezi miwili mfululizo, ongezeni wa nne.

Bili ikipanda licha ya juhudi zenu, angalieni kwanza uniti au lita zilizotumika kabla ya kutazama kiasi kilicholipwa. Uniti zikiwa zimeshuka huku bili ikipanda, bei ndiyo iliyoongezeka na kazi yenu iko sawa. Uniti zikipanda, rudieni kipimo cha usiku cha hatua ya 5.

Matumizi yakishuka lakini salio likabaki palepale, tatizo liko hatua ya 8, na mara nyingi ni kwamba uhamishaji hufanywa mwisho wa mwezi badala ya siku ya malipo.

Mtu mmoja akiwa amechoka kubana, mpeni kiasi kidogo cha kutumia apendavyo bila kukiandika wala kuulizwa, kiwe sawa kwa kila mtu mzima wa nyumba, na kiingie katika bajeti kama gharama nyingine yoyote.

Na daftari likiachwa wiki mbili, msijaribu kujaza kurasa zilizopotea kwa kukumbuka. Hesabuni fedha iliyopo leo, andikeni kiasi hicho juu ya ukurasa mpya, na muendelee kuanzia hapo.